Kamba ya Lilwa na Sindano ya Kifo

Sisi wa Opala tunaishi katika nchi ya Wambole, kando ya mto Lomami. Kujifunza habari za adhabu ya kifo hatuna haja ya kwenda mbali, kwa maana wazee wetu waliijua vizuri.

Zamani Wambole walikuwa na chama kiitwacho Lilwa. Chama hicho kiliwafunza vijana adabu, kutunza siri na kuwatii wakubwa. Tena kilikuwa baraza la hukumu. Mtu aliyeua mwenzake, au aliyezini, au aliyetoa nje siri za Lilwa, aliweza kuhukumiwa kunyongwa. Kisha sanamu ya mti ilichongwa kwa mfano wake, nayo huitwa ofika. Ukiitazama ofika unatambua mara moja kwamba huyu si mtu aliyesimama: kichwa kimeinama, mabega yameshuka, miguu imelegea, vidole vyaelekea chini. Ndivyo mtu aliyenyongwa anavyoning'inia. Vijana walionyeshwa sanamu hizo ili waogope. Leo nyingi zimo katika nyumba za makumbusho huko Ulaya na Marekani.

Hatusemi haya ili kuwacheka wazee. Hukumu yao ilikuwa kali, lakini jambo moja hawakulificha: walichonga kifo kama kilivyokuwa.

Je, wale waliotawala baadaye walikuwa na huruma zaidi? Wakoloni walileta kamba yao wenyewe, ikabaki katika sheria hata baada ya uhuru. Tarehe 2 Juni 1966, katika Kinshasa, Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, na wenzake watatu waliokuwa mawaziri, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa wa watu. Walikamatwa, wakahukumiwa na kuuawa katika muda wa siku chache tu.

Huko Marekani watu walianza kuona haya juu ya kamba, risasi na kiti cha umeme. Basi mwaka 1977 jimbo la Oklahoma liliweka sheria ya kuua kwa sindano, na mtu wa kwanza kuuawa hivyo, Charles Brooks, alikufa Texas tarehe 7 Desemba 1982. Kwa desturi walitumia dawa tatu: ya kwanza humlaza mtu usingizi, ya pili hulegeza viungo vyote asiweze kutikisika, ya tatu husimamisha moyo. Walisema, hiki ni kifo cha upole.

Lakini mambo yalikuwa magumu. Waganga wengi walikataa, kwa kuwa kazi yao ni kuponya. Kwa hiyo mara nyingi sindano ilishikwa na watu wasio na ustadi. Mwaka 2009 katika Ohio walimchoma Romell Broom karibu saa mbili wakitafuta mshipa, wasiupate, wakamrudisha gerezani. Mwaka 2014 katika Oklahoma Clayton Lockett alijinyonganyonga na kuugua, akafa baada ya dakika 43. Nazo nchi za Ulaya zilizuia dawa zao zisipelekwe kwa kazi hiyo.

Tufikiri kidogo juu ya dawa ile ya pili. Haimwondolei mtu maumivu. Inamzuia tu asiyaonyeshe. Basi inamsaidia nani? Inawasaidia wale wanaotazama. Ofika ilisema kweli juu ya kifo, sindano yakifunika. Na sisi tunaijua sindano: ndiyo iliyowaponya wazazi wetu ugonjwa wa malale na buba. Kuigeuza chombo cha kuua ni kuharibu kitu chema.

Jambo hili si la mbali. Katika Kongo hukumu za kifo hazikutekelezwa tangu mwaka 2003. Lakini Machi 2024 Serikali ilitangaza kwamba zitatekelezwa tena, kwa ajili ya usaliti wa vita na ujambazi wa mijini. Tunajua hofu ya watu. Mama aliyekatwa panga na kuluna njiani ana haki ya kulindwa, na Serikali ina wajibu wa kumkamata mwovu na kumfunga. Hata hivyo Katiba yetu ya mwaka 2006 yasema mtu ni mtakatifu, na mwaka 2018 Papa Fransisko aliandika upya fundisho la Katekisimu: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu mtu hapotezi heshima yake hata akitenda dhambi kubwa mno, na siku hizi ziko njia za kuwalinda raia bila kumnyima mkosaji nafasi ya kutubu.

Basi, ndugu, tukisikia sokoni watu wakipiga kelele, “Na auawe!”, tusiulize ni kwa kamba au kwa sindano. Tukumbuke ni nani aliyepigiwa kelele hizo mbele ya Pilato. Tuwaombee walioumizwa, na waliofungwa pia.