Mbwa na joto la kiangazi katika nyanda za kati za Tanzania

Kumkinga mbwa na joto katika Dodoma na nyanda za kati ni suala la maji kwanza, kivuli baadaye. Jiji la Dodoma liko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, katika ukanda mkame unaopata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi na haimsumbui mbwa. Joto hupanda kuanzia Septemba, na ifikapo Oktoba na Novemba, mvua haijanyesha na miti mingi imepukutisha majani, mchana hufikia nyuzi joto 31 au 32 kivulini. Mtu wa pwani haoni ajabu katika vipimo hivyo. Kinachotofautiana ni ukavu wa hewa.

Mbwa hatoi jasho la kumfaa, kwani tezi zake chache za jasho ziko kwenye nyayo. Hujipoza kwa kutweta: unyevu wa ulimi na koo hugeuka mvuke na kuondoka na joto la mwili. Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu, mvuke huo hutoka kwa shida. Dodoma hutoka kwa wepesi, hivyo katika joto lilelile mbwa wa Dodoma hupoa vizuri kuliko mwenzake wa pwani, mradi ana maji ya kufidia anayopoteza. Akiyakosa, ukavu uleule uliokuwa ukimsaidia humkausha. Mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja kwa siku hata wakati wa baridi. Oktoba aandaliwe mara mbili yake au zaidi.

Hapo ndipo penye ugumu. Jiji limetegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Makutupora, mgao wa maji umezoeleka, na katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino na Chemba ndoo hutoka mbali kichwani. Mbwa huwa wa mwisho kukumbukwa, na mara nyingi huachiwa maji ya kufulia yenye sabuni, ambayo yasitumike kabisa. Chombo nacho kina uzito wake. Sufuria kuukuu iliyoachwa juani hupasha maji mpaka mbwa anayasusa. Chungu cha udongo kinachovuja unyevu kidogo huyapoza chenyewe, hasa katika hewa kavu kama hii, na kikifukiwa nusu ardhini chini ya mwarobaini hakipinduki.

Kivuli cha Dodoma kinahama, na mbwa aliyefungwa hawezi kukifuata. Desturi ya kumfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku alinde imeenea mjini. Aliyefungwa upande wa magharibi wa nyumba hukaa vizuri asubuhi, kisha kuanzia saa saba mchana ukuta uleule humchoma mpaka jioni. Karibu na tarehe 9 Oktoba jua la saa sita hupita utosini kabisa, na ukuta wa upande wowote hauna kivuli cha maana. Banda la bati lisilo na matundu ni baya kuliko kukosa banda. Nyumba ya tembe ya Wagogo, yenye kuta nene na paa bapa la udongo, huchelewa sana kupata joto, na banda dogo lililojengwa kwa mtindo huo lingefaa kuliko mabanda mengi ya kununua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na kiu na mateso yasiyo ya lazima. Kumfunga juani bila maji ni mateso ya namna hiyo.

Mbwa wa kienyeji, mwepesi na mwenye manyoya mafupi, huvumilia kuliko mbwa wa mbegu ya German Shepherd wanaofugwa kwa ulinzi. Wenye pua fupi ndio walio hatarini zaidi, pamoja na wanene, wazee na watoto. Walishwe alfajiri na jioni. Mbwa wa machungani apumzishwe mifugo inapopumzika. Asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa muda wa kununua mkate: kwa nusu saa joto la ndani huweza kuzidi la nje kwa karibu nyuzi 20.

Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 ni kiharusi cha joto: anatweta bila kukoma, udenda mzito unamtoka, ufizi unakuwa mwekundu sana, anapepesuka, anatapika, anaanguka. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima mfululizo na apepewe. Kupozwa kutangulie safari ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Asinyweshwe kwa nguvu.

Dalili hizo zimewaua mbwa wengi kwa njia nyingine. Anayetokwa na udenda na kupepesuka mtaani hudhaniwa ana kichaa, akapigwa mawe. Hofu hiyo ina msingi, kwani kichaa cha mbwa bado kinaua watu Tanzania. Kwa kawaida, hata hivyo, kichaa hutanguliwa na mabadiliko ya tabia, sauti hukwaruza, taya hulegea na kumeza hushindikana, wakati aliyezidiwa na joto huanguka ghafla baada ya kukaa juani au kukimbia. Ukiwa na shaka, usimguse mdomo. Mmwagie maji kwa ndoo ukiwa mbali na umwite afisa mifugo wa kata. Mwenye mbwa awe na cheti cha chanjo ya kila mwaka, kwa sababu ndicho kinachowatuliza majirani. Mtu aliyeng'atwa, au aliyerambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.