Maporomoko Yasiyo na Daftari

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Mwanga au Ujiji maporomoko makubwa ya maji ya Afrika, atakujibu hapohapo: Victoria! Mwulize sasa ya mkoa wake. Atatazama juu kana kwamba jibu limeandikwa kwenye dari. Kosa si lake, ndugu msomaji. Hebu tujiulize: nani aliamua yapi yaandikwe na yapi yaachwe?

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Njiani walivuka mto Malagarasi kwa mitumbwi ya Wavinza, na hongo ilitangulia, maana bila hongo huvuki. Wakapita pia kwenye chumvi ya Uvinza, iliyokuwa imepikwa pale zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Katika kitabu alichotoa Burton mwaka 1860, kivuko kimo, chumvi imo, pembe na watumwa wamo. Ndivyo lilivyokuwa daftari la msafara: chenye bei huandikwa. Maji yanayoporomoka porini, nani angeyalipia?

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Livingstone ni yuleyule aliyeona Mosi-oa-Tunya mwaka 1855 akayapachika jina la malkia wake, Victoria. Wawili hao wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini, kando ya vilima vya Gombe. Walichotaka kujua ni kitu kimoja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Wakakuta unaingia. Yakaishia hapo.

Humo Gombe, katika bonde la Kakombe, maji huanguka kama mita 25. Gombe ilifanywa pori la akiba mwaka 1943 na hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall, aliyefika Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alieleza jinsi sokwe dume wanavyofika kwenye maporomoko wakayumba, wakarusha mawe na kuning'inia kwenye mizabibu ya porini, kisha wakakaa kimya kuyatazama maji. Kakombe ikajulikana ulimwenguni kwa sababu ya sokwe. Jamani, hata sokwe wanasimama kutazama, sisi je?

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kwenye Malagarasi, chini ya Uvinza, yapo maporomoko ya Igamba. Mji wa Kigoma uliwashwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na kila aliyesoma kwa koroboi anajua maana yake. Katika mkataba wa msaada wa mwaka 2008, Marekani ilikubali kujenga pale mtambo wa umeme wa maji. Wataalamu wakaenda kuchunguza, wakaorodhesha viumbe wa pale, baadhi yao hawaonekani kwingine. Mpango ukaachwa, fedha zikapelekwa kwenye umeme wa jua. Lakini mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mradi wa megawati 50 hivi kwenye mto huohuo.

Mimi sipingi umeme, maana giza halimsaidii mwandishi. Ninachosema ni kwamba orodha moja ilitosha kuzuia mtambo. Daftari lina nguvu, bwana! Na kisichomo daftarini hakina wa kukitetea siku ya mabadiliko.

Kusini mwa ziwa, mpakani na Zambia, maji ya Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, karibu mara mbili ya Victoria. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa pale yapata miaka 476,000 iliyopita, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Miaka yote hiyo mbao zilihifadhiwa na unyevu, zikingoja mtu wa kuandika.

Basi vijana wenzangu, kabla ya riwaya zetu tuanze na daftari. Andika mto, kijiji, na jina wanaloliita wenyeji kwa Kiha, Kivinza au Kitongwe. Pima kwa kamba, usikadirie kwa macho. Andika hali ya masika na ya kiangazi. Sikiliza wazee wawili au watatu, maana poromoko moja huweza kuwa na majina mawili, na majina mawili yana hadithi mbili. Usilipe jina jipya. Wageni walishatugawia ya kutosha. Wazee wanaondoka, na mali bila daftari hupotea bila habari.