Mtindi pekee hautoshi kutuliza utumbo

Utumbo mpana wa binadamu hukaliwa na matrilioni ya bakteria, na wengi wao si adui. Baadhi huchachusha makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi za chakula zisizomeng'enywa na mwili, na kutengeneza asidi ya butiriki. Asidi hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo, na husaidia kupunguza uvimbe wake.

Mtindi huingiza bakteria hai, mradi haukuchemshwa baada ya kuganda. Lakini wageni hao kwa kawaida hawadumu. Kuwalisha wenyeji kwa maharage, vitunguu na ugali wa dona kuna maana zaidi, ingawa anayeanza kwa pupa atajaa gesi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Vidonge vya bakteria vinavyouzwa madukani ni jambo jingine. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa magonjwa ya mfumo wa chakula cha Marekani kilipendekeza kwamba wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana wavitumie ndani ya majaribio ya kitafiti tu. Anayeharisha damu asiache dawa alizoandikiwa kwa kutegemea mtindi. Na ambaye utumbo wake umekuwa mwembamba kwa makovu amwone daktari kabla ya kuongeza nyuzinyuzi, kwani zinaweza kuuziba.