Robins na Kuanguka kwa Parabola: Fikra kuhusu Mwendo wa Risasi Hewani, 1638–1852

Mwaka 1638 Galileo alibainisha kuwa kitu kilichorushwa hufuata njia ya parabola. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba yeye mwenyewe alitahadharisha kuwa kanuni hiyo haizifai sana risasi za bunduki, kwa kuwa kasi yake ni kubwa mno na hewa huiharibu njia yake. Warithi wake waliipokea kanuni, wakaiacha tahadhari. Kitabu cha François Blondel cha mwaka 1683 kuhusu urushaji wa mabomu kilijengwa juu ya parabola hiyo. Kosa hilo lilidumu kwa sababu inayoeleweka: mabomu ya mizinga mifupi yalikuwa mazito na ya kasi ndogo, hivyo hewa iliyazuia kidogo tu na hesabu zikaonekana kusadifu.

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha matokeo ya pendulumu yake. Risasi ilipigwa kwenye bamba zito lililoning'inizwa, na umbali ambao bamba lilisukumwa nyuma ulitosha kukokotolea kasi ya risasi. Bamba liliposogezwa mbali zaidi na mtutu, kasi iliyopotea njiani ilidhihirika. Risasi ya mviringo yenye kipenyo cha robo tatu ya inchi, ikienda takribani futi 1,700 kwa sekunde, ilikabiliwa na ukinzani wa hewa uliokaribia mara 120 ya uzito wake. Kwa hesabu ya parabola, risasi hiyo ikielekezwa nyuzi 45 ingefika maili 17. Kwa hakika haikufika hata maili moja. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuitwa dosari ndogo ya nadharia.

Robins pia aliupinda mtutu kuelekea kushoto karibu na mdomo wake, akatundika karatasi njiani. Risasi ilianza kwa kwenda kushoto, kisha ikakata kuelekea kulia. Alieleza kuwa ilijiviringisha kwenye ukuta wa kulia wa mtutu, na mzunguko huo ndio ulioipotosha hewani. Kwa hoja hiyohiyo, mwaka 1747 aliitetea bunduki yenye mifereji ya msokoto ndani ya mtutu: risasi inayozunguka kwa kufuata mhimili wa safari yake haina upande wa kuegemea.

Leonhard Euler, aliyekitafsiri kitabu cha Robins kwa Kijerumani mwaka 1745, aliikataa sababu ya mzunguko, akalaumu umbo lisilo sawa la risasi. Heshima yake iliizima hoja hiyo kwa muda mrefu. Heinrich Gustav Magnus aliifanyia majaribio mjini Berlin mwaka 1852, na hadi leo nguvu hiyo huitwa kwa jina lake, si kwa jina la Robins.