Jina Lisilorithiwa: Kusoma Asili ya Mhamaji katika Majina ya Nakivale

Husimuliwa kwamba Mbarara ilipata jina lake kutokana na emburara, nyasi ndefu zilizofunika vilima vya Ankole. Mkoloni alisikia vibaya, akaandika alivyosikia, na kosa lake likawa jina la mji. Ukishuka kusini-mashariki hadi Kabingo, wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, unakuta jani jingine: ekibingo, ambalo Waswahili wa bara huliita mabingobingo. Mzee atakayemwambia mjukuu wake aliyezaliwa ughaibuni kwamba "sisi tulitoka Kabingo" atakuwa amesema kweli. Lakini kuanzia Ankole hadi Burundi, popote penye bonde na maji, mabingobingo yanaota, na jina linaweza kuota nayo.

Naanza na majani kwa sababu tatizo la majina ya watu katika eneo hili ni lile lile. Watafiti wa nasaba huko Ulaya wana mbinu wanayoiamini sana: ukitaka kujua babu mhamaji alitoka kijiji gani, tafuta jina la ukoo lililo adimu, kisha angalia ni wapi lilikuwa limerundikana zamani. Mbinu hiyo ina msingi. Mwaka 2000 Bryan Sykes na Catherine Irven walichunguza kromosomu Y za wanaume wa Kiingereza wenye jina la Sykes, wakakuta karibu nusu yao wana alama moja ya kinasaba, dalili ya babu mmoja. Iliwezekana kwa sababu Uingereza jina la baba limekuwa likirithiwa kwa karne nyingi. Jina na damu vilisafiri katika gari moja.

Nakivale havikusafiri pamoja. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupokea Watutsi waliokimbia mapinduzi ya Rwanda ya 1959. Baadaye wakaja Warundi, Wakongomani, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kwa sehemu kubwa ya watu hao, kile kinachoandikwa katika nafasi ya "jina la ukoo" kwenye fomu si jina la ukoo hata kidogo. Katika desturi ya Kinyarwanda na Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Bukuru na Butoyi ni mapacha, Ciza ndiye anayewafuata. Wanyankole nao wana Kakuru na Kato, na baada yao huja Kiiza. Mtafiti atakayeunganisha kina Ciza wote wa Bujumbura na kina Kiiza wote wa Mbarara kuwa ukoo mmoja atakuwa amegundua jambo moja tu, kwamba pacha huzaliwa kila mahali.

Je, tulitupe jina basi? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba majina ya Maziwa Makuu hayana faida kwa mtafuta asili. Jina halimtaji babu, lakini linatoa ushahidi juu ya kinywa kilicholitamka. Chukua Nshimirimana na Nshimiyimana. Yote mawili ni shukrani kwa Imana, yaani Mungu, na kwa sikio la Kampala ni jina moja. Lakini la kwanza kwa kawaida ni la Mrundi na la pili la Mnyarwanda. Silabi moja imebeba mpaka wa nchi. Havyarimana na Habyarimana vivyo hivyo: penye "vy" ya Kirundi, Kinyarwanda huweka "by". Ndayikengurukiye amebeba kitenzi cha Kirundi cha kushukuru, na huhitaji kumwuliza mwenye jina bibi yake aliimba kwa lugha gani.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, unatoka Kivu Kusini. Washi huandika "rh" mahali ambapo lugha jirani zina "t": kiambishi cha "sisi", ambacho sisi Waswahili tunakijua kama tu-, kwao ni rhu-. Kwa hiyo jina kama Murhula, ambalo kwa Mashi ni amani, na ambalo mzizi wake naona ni ndugu wa "kutulia" kwetu, linamwelekeza msomaji upande wa Kabare na Walungu karibu kama bango la barabarani. Lakini mpe karani ambaye hajawahi kuona "rh" ndani ya jina la Kibantu. Ataandika Murula, kwa nia njema kabisa, na bango limeng'olewa. Kwa hiyo uadimu wa jina tunaoutafuta hapa ni uadimu wa herufi, nao ndio wa kwanza kupotea mpakani.

Makarani si wao tu wa kulaumiwa. Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, Mkongomani aliyebatizwa kwa jina moja akalazimika kuishi serikalini kwa jina jingine. Audrey Richards na wenzake, katika kitabu chao cha 1954 juu ya wahamiaji wa kazi Buganda, walieleza jinsi Wanyarwanda na Warundi walivyojiingiza katika jamii ya Kiganda, na kuchukua jina la wenyeji ilikuwa sehemu ya safari hiyo. Oktoba 1982, maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walipofukuzwa Ankole, wengine wakikimbilia Nakivale, jina la Kinyarwanda lilikuwa mzigo ambao mtu mwenye akili angeutua njiani.

Na sheria imelifanya jambo hili kuwa zito kuliko udadisi wa wajukuu. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi, babu au bibi yake alikuwa wa jamii za asili zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jedwali la Tatu linaziorodhesha jamii hizo, 65 tangu marekebisho ya 2005, na Wanyarwanda wamo. Bufumbira, ambako watu husema lahaja ya Kinyarwanda, ilikwisha kuwekwa upande wa Uganda kwa mapatano ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji ya 1910. Kwa hiyo jina la Kinyarwanda halithibitishi kwamba babu alivuka mpaka. Huenda mpaka ndio uliomvuka babu. Hata hivyo wenye majina hayo wamesumbuka kupata pasipoti kiasi kwamba baadhi yao wamedai jamii yao iitwe Abavandimwe badala ya Wanyarwanda.

Wazee hawakuanza na jina. Mnyarwanda huuliza "uri mwene nde?", wewe ni mwana wa nani, kisha mlima, kisha ukoo. Mnyankole huuliza oruganda na omuziro, neno lililo jirani na mzio wetu: kitu ambacho ukoo hauli wala haugusi. Msomali humtaka mtoto ahesabu baba zake mmoja baada ya mwingine, abtirsi, na fomu humkatia hesabu hiyo kwa babu. Abasinga, Abazigaba na Abashambo wako pande zote mbili za mpaka wa Rwanda na Uganda. Lakini ukoo nao usiabudiwe. Marcel d'Hertefelt alionyesha mwaka 1971 kwamba koo za Rwanda zilichanganya Wahutu, Watutsi na Watwa, na David Newbury akaongeza mwaka 1980 kwamba zenyewe zilibadilika kadiri dola ilivyopanuka. Ninachopendekeza ni kuusoma ukoo, mlima na mwiko pamoja na tahajia ya jina katika kila karatasi iliyosalia, kadi ya ubatizo ikitangulia kadi ya ukimbizi, kwa sababu mwandishi wa ile ya kwanza huenda alizijua herufi za kijiji.

Kazi hii haitasubiri sana. Familia zinapohamishiwa Marekani au Ulaya, ofisi za huko hutarajia baba na watoto wawe na jina moja la mwisho, na wazazi wengi hukubali ili kuepuka maswali. Majina ya kurithiwa yanazaliwa mbele ya macho yetu. Mtu anayeitwa Nyandwi, wa saba kwa mama yake, anapata mtoto wake wa kwanza ng'ambo, na mtoto huyo wa kwanza anaandikwa Nyandwi.