Ngalawa na Vyombo vya Maji Mafupi

Waalimu wafundishao karibu na bahari wameulizwa mara nyingi, kama tulivyoulizwa sisi, ni chombo gani kimfaacho mvuvi ambaye maji yake ni mafupi na mawimbi yake ni makali. Swali hili laonekana dogo, lakini yeye aulizaye ataka kutoa fedha aliyoiweka miaka mingi, na ndani ya chombo hicho atatia roho yake na roho za wanawe. Wala si swali jipya. Watu wa pwani hii wamekuwa wakilijibu kwa shoka na tezo kwa muda wa miaka elfu mbili, na majibu yao hayakuwa mamoja. Twaonelea kwamba mtu hawezi kumshauri mvuvi vizuri asipojua kwanza majibu hayo yalipatikanaje. Nasi twasema hivi kwa kuwa tulimshauri mvuvi kabla hatujayajua, kama itakavyoonekana mbele.

Tuanze na maji yenyewe. Katika kisiwa cha Unguja, wakati wa bamvua, bahari hupanda na kushuka kadiri ya mita 4. Mvuvi wa upande wa mashariki, kwa mfano wa Paje au Jambiani, huacha chombo chake kikielea asubuhi, na baadaye hukikuta kimelala juu ya mchanga. Nje ya mchanga huo upo mwamba mrefu, na katika mwamba ipo milango michache ambayo vyombo hupita. Ndani ya mwamba maji ni matulivu na mafupi. Mlangoni maji yanayotoka hukutana na mawimbi yanayoingia, na hapo ndipo watu hupotea. Upande wa magharibi hali ni nyingine. Mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara una kina cha makumi machache tu ya mita, hali ule wa Pemba washuka kadiri ya mita 800. Sasa wimbi, lipitapo penye maji mafupi, huanza kuihisi nchi chini yake. Mwendo wake hupungua, mgongo wake huinuka, na wimbi la nyuma hulikaribia. Tena mkondo mkubwa wa pwani yetu huenda upande wa kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo huenda pamoja na wimbi hurefuka. Kaskazi ikivuma, upepo hukabiliana na mkondo uso kwa uso, na wimbi husimama kama ukuta mfupi. Baharia hutaja pepo mbili hizo kila siku, lakini si wote wajuao kwamba tofauti ya mawimbi yake yatoka chini ya maji sawasawa na juu yake.

Hapo ndipo ugumu wa kuchagua ulipo. Chombo chenye mkuku mrefu husimama imara katika wimbi, lakini hakipiti juu ya mwamba. Chombo cha tumbo bapa hupita kila mahali, hata penye maji ya magoti, lakini wimbi fupi likikipata ubavuni huenda mrama na kujaa maji. Kila fundi wa pwani hii aliyepata kuchonga au kuunda chombo cha uvuvi alikuwa akitafuta njia kati ya mambo mawili hayo.

Habari ya kwanza iliyoandikwa twaipata katika kitabu cha Kigiriki kielezacho safari za Bahari ya Hindi, kilichotungwa katika karne ya kwanza na mfanyi biashara wa Misri. Mtu huyo asema kwamba penye kisiwa aitacho Menuthias vilikuwako vyombo vidogo vya kushonwa, na mitumbwi ya gogo moja, na watu walivitumia kwa kuvua samaki na kukamata kasa. Aongeza kusema kwamba watu hao walitega vikapu vya kusuka mahali maji yanapotokea. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba hayo ni madema. Bandari iliyokuwa ya mwisho katika safari hiyo iliitwa Rhapta, na jina hilo latokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vyake. Basi miji yetu ilijulikana kwa mafundi wake wa vyombo kabla haijajulikana kwa jambo lingine.

Vyombo vya kushonwa viliendelea. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliona vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba, vyenye matanga ya mkeka. Mwana wa mwisho wa ukoo huo alikuwa mtepe, uliojengwa hasa katika visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la pembe nne. Watu wengi hufikiri kwamba mtepe ulishonwa kwa sababu ya umaskini wa chuma. Sisi hatukubali. Chombo kilichoshonwa hupindika kidogo kila kipatapo pigo. Kikikwama juu ya fungu hakivunjiki mara moja, kwa maana kamba hulegea na kukaza tena mahali ambapo msumari ungepasua ubao. Hiyo ni akili ya maji mafupi. Lakini ulikuwa na gharama yake: mtepe ulivuja mno, na mabaharia walifua maji mchana na usiku. Mkuku na misumari ya jahazi ilipoenea, mtepe ulikwisha katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na mwaka 2003 mafundi walipotaka kuushona mmoja Unguja kwa ajili ya kuonyesha watu, iliwalazimu kujifunza upya. Tena mtepe ulikuwa chombo cha shehena, wa kuchukua boriti. Mvuvi wa kawaida hakuwa nao.

Mvuvi alikuwa na mtumbwi, na baadaye ngalawa. Kitabu kile cha Mgiriki chataja mitumbwi, wala hakitaji matengo. Basi matengo yalitoka wapi? Mwingereza James Hornell, aliyesimamia mambo ya uvuvi katika jimbo la Madras na kuchunguza vyombo vya nchi nyingi, aliandika mwaka 1934 kwamba matengo yaliletwa Afrika na watu wa visiwa vya mashariki, yaani visiwa viitwavyo leo Indonesia. Hoja yake ni kwamba chombo chenye matengo pande zote mbili huonekana huko, na huonekana pwani yetu na Komoro, lakini katika Bukini wavuvi Wavezo wa upande wa magharibi hutumia tengo moja tu. Jambo lisilo na shaka ni kwamba lugha ya Bukini ni ndugu ya lugha za Borneo, kwa hiyo watu hao walivuka bahari kweli. Tena kitabu cha Buzurg bin Shahriyar kimehifadhi habari za watu waitwao Waqwaq, ambao mwaka 945 walikuja na vyombo vingi kuushambulia mji wa Qanbalu, nao wengi hudhani mji huo ulikuwa Pemba. Twaona hoja ya Hornell ina nguvu, ila yapasa kuiongezea jambo moja. Matengo ya mashariki mara nyingi ni mianzi ya mviringo ieleayo. Matengo yetu ni mbao, nazo huwekwa kwa kulazwa upande. Kama mgeni alileta wazo, fundi wa hapa alilibadili, na badiliko hilo ndilo siri ya ngalawa yote.

Na tueleze. Gogo la ngalawa huwa la mwembe au la msufi. (Mwembe wenyewe ulitoka Hindi, hata katika gogo mna safari.) Huchongwa jembamba, lenye ncha mbele na nyuma, na tumbo lake ni la mviringo bila mkuku wa kutajika. Juu yake hukingamishwa miti miwili, na katika ncha za miti hiyo hufungwa mbao mbili zikienda sambamba na chombo, kila moja imelazwa kidogo. Tanga likishika upepo, chombo huinamia upande wa demani. Hapo ubao wa upande huo huingia majini, na kwa kuwa umelazwa, mwendo wa chombo huufanya upande juu ya maji kama jiwe bapa litupwalo na mtoto. Haungoji kuelea, wasukumwa juu. Kadiri chombo kiendavyo mbio, ndivyo unavyokiinua. Ubao wa joshini hutoka majini wala hauzuii mwendo. Upepo ukizidi, mtu mmoja hutoka na kukaa juu ya mti wa joshini, na uzito wake hutimiza kazi. Hivyo mvuvi hupata imara ya chombo chenye mkuku bila mkuku, na hupita juu ya mwamba penye maji ya magoti. Akikwama, watu wawili hushuka na kuisukuma. Mti ukivunjika hufungwa kwa kamba pale pale baharini.

Hata hivyo hatutaki kuisifu kupita kiasi. Ndani yake ni nyembamba mno, na mwenzetu mmoja mnene aliapa baada ya safari moja kwamba hatapanda tena. Haichukui samaki wengi wala jarife kubwa. Haiwezi kukaa ubavuni mwa chombo kingine. Mashine hufungwa kwa shida. Na katika wimbi fupi linalotoka pande mbili, kama pale mlangoni, maji humwagika ndani daima, na upo wa kufulia hautoki mkononi.

Majina ya vyombo hivi nayo yana ushahidi wake. Kafi ni neno letu la Kibantu, na ndugu zake husikika katika lugha nyingi za bara. Usukani ni neno la Kiarabu, nanga ni la Kiajemi, mashua imetoka Hindi. Mtu aweza kuona kwamba kila chombo kilikuja na maneno yake, na kwamba mvuvi hakukataa kitu kwa sababu ya kilikotoka. Alikijaribu majini kwanza.

Sisi hatukufanya hivyo. Miaka iliyopita tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha pwani, ambacho wavuvi wake wote walikuwa na ngalawa. Tuliona ngalawa kuwa ni dalili ya unyonge. Kikaja chama kimoja cha wafadhili kutaka kusaidia, na barua ya kuomba mashua yenye mkuku na mashine tuliiandika sisi, kwa mkono wetu. Tuliwashawishi wazee katika mkutano, tukawaonyesha picha. Mashua ililetwa, ikashangiliwa. Ilikuwa imara kweli katika maji makuu, nayo ilileta samaki wengi miezi ya kwanza. Lakini haikuweza kutoka wala kuingia ila maji yakijaa, na wavuvi walijifunza kungoja nje ya mwamba saa nyingi. Siku moja ya kaskazi upepo ulizidi wakiwa wangali wakingoja. Nahodha aliogopa usiku, akajaribu mlango maji yakitoka. Mkuku uligonga mwamba, mashua ikalala ubavu, na wimbi la pili likaijaza. Watu sita waliokolewa na ngalawa tatu zilizopita juu ya mwamba ule ule kama kwamba haupo. Mmoja wa hao sita, baba wa mwanafunzi wetu, alivunjika mguu asipate kuvua tena, na mtoto aliacha shule mwaka ule.

Mzee mmoja alitujia usiku. Hakugomba. Alisema, "Mwalimu, mlipopima mashua, maji mliyapima?" Tulikaa kimya, kwa maana jibu alilijua.

Wasomaji walio bara wasidhani kwamba twataka ngalawa kila mahali. Ziwa la Nyasa halina miamba ya namna hii wala kupwa na kujaa, lakini lina urefu wa kadiri ya kilometa 580, na upepo wa mwera huvuma toka mwisho mmoja, ukiinua mawimbi mafupi makali. Askofu Chauncy Maples, aliyewekwa mwaka 1895 kuwa Askofu wa Likoma, alizama humo mwezi wa Septemba mwaka ule ule pamoja na mwenzake Joseph Williams, chombo chao cha tanga kilipopinduliwa na dhoruba. Wavuvi wa ziwa hilo nao walikuwa na jibu lao: mtumbwi wenye tumbo pana na mdomo mwembamba sana, hata mpiga kafi hukaa juu yake badala ya ndani, na wimbi lipitapo juu halipati mahali pa kuingilia. Hawakuhitaji matengo, walihitaji kuufunga mlango.

Basi tukiulizwa leo, twauliza kwanza: maji ya mahali penu, yakipwa kabisa katika bamvua, yanafika wapi mwilini mwa mtu? Na kurudi kwenu ni saa gani? Penye mikoko na vijito, mtumbwi na pondo vyatosha. Penye mwamba na mlango mwembamba, ngalawa. Mahali penye bandari ya maji ya kudumu, mashua, na mtu asione haya kuwa na mashine. Dau dogo, lenye ncha mbele na nyuma na mkuku mfupi, hukaa katikati, nalo twaona limedharauliwa bure. Magogo makubwa yamekuwa ghali, na mafundi wengine hutengeneza kwa mbao au kwa vitu vya kiwandani. Si vibaya, mradi umbo lifuate maji.

Kijiji kile kina ngalawa hata sasa, na mashua mbili ndogo za mkuku mfupi ambazo wazee walizipima wenyewe, wakiingia majini na fimbo. Mkuku wa ile ya kwanza uliokotwa ufukoni baada ya bamvua, ukalazwa chini ya mwembe karibu na shule, na wavuvi huukalia wakishona nyavu.