Ndege wa majini kwa mtumbwi: mahali pa kuwaona, namna ya kuwapiga picha na kwa nini maji ya Msowero yanahusika

Wakazi wa Msowero na vijiji vingine vya wilaya ya Kilosa wanawaona ndege wa majini karibu kila siku. Yangeyange weupe hufuata ng'ombe, korongo husimama kwenye majaruba ya mpunga, na mdiria hukaa juu ya waya kandokando ya mfereji. Watu wachache sana wamewahi kuwatazama ndege hao wakiwa ndani ya mtumbwi, jambo ambalo wageni hulipia fedha nyingi. Katika makala haya tunaeleza mahali ambapo safari hizo hufanyika, ndege wanaoonekana, namna ya kuwapiga picha bila kuwadhuru, na uhusiano wa safari hizo na mashamba yetu.

Maji ya Msowero yanakwenda wapi?

Mito ya Msowero na Mkondoa imo katika bonde la mto Wami. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Ukaguru na Rubeho hupita Kilosa, hutuama kwenye mbuga tambarare za Mkata na mabwawa yake, kisha huingia Wami na kumwagika Bahari ya Hindi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Upande wa kusini mwa Mikumi maji hufuata njia nyingine. Mto Kilombero hukusanya maji ya milima ya Udzungwa na kuyapeleka Rufiji.

Msowero kwenyewe si mahali pa safari za mtumbwi. Mto hujaa kwa kishindo wakati wa masika na hupungua sana kiangazi. Wana Kilosa hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoziacha familia nyingi bila makazi na kuharibu reli ya kati. Hata hivyo, ndege wa Saadani na wa Mkata wanategemea maji haya haya tunayonyweshea mpunga.

Wapi unaweza kupanda mtumbwi au boti?

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo iliyo karibu zaidi. Hapo hakuna safari za boti. Ndege hutazamwa kutoka kwenye gari, hasa kwenye bwawa la viboko. Aina zaidi ya 400 za ndege zimeorodheshwa katika hifadhi hiyo, kwa hiyo inamfaa anayeanza kujifunza kuwatambua kabla ya kwenda majini.

Bonde la Kilombero hufikiwa kwa barabara ya Mikumi, Kidatu na Ifakara. Ni moja ya ardhi oevu kubwa za Tanzania, na mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971. Eneo lililoorodheshwa lina ukubwa wa karibu hekta 797,000. Tangu Daraja la Magufuli lilipozinduliwa mwaka 2018, magari hayasubiri tena kivuko, lakini mitumbwi ya wavuvi bado ipo mtoni, na ndiyo inayoweza kumfikisha mtazamaji kwenye matete.

Saadani ina safari za boti kwenye mto Wami, karibu na mdomo wake, ambako maji matamu hukutana na mikoko. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, boti hupita mto Rufiji na maziwa yaliyo kandokando yake kama Manze.

Ndege gani wanaonekana?

Furukombe, yaani tai mla samaki, ndiye rahisi kumtambua. Kichwa na kifua chake ni vyeupe, tumbo lake ni la rangi ya kahawia iliyokolea, na sauti yake husikika mbali. Mdiria mweusi na mweupe huning'inia hewani mahali pamoja akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe. Mdiria mdogo wa bluu hukaa chini kabisa kwenye matete, na mtu asiyemzoea humpita bila kumwona.

Mnandi na mbizi hukausha mabawa juu ya magogo. Mbizi hutambulikana kwa shingo ndefu iliyopinda. Akiogelea, mara nyingi shingo peke yake ndiyo hubaki juu ya maji. Domomwiko hufagia maji kwa mdomo wake ulio bapa mbele kama mwiko. Kuna pia korongo ambaye mdomo wake haufungi katikati. Nafasi hiyo humsaidia kushika konokono wa majini, ndiyo maana anapenda majaruba ya mpunga. Fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kishungi kirefu nyuma ya kichwa, hujenga kiota kikubwa kupita kiasi kwa umbo lake, na katika jamii nyingi za Afrika watu huogopa kukivunja.

Rufiji una ndege mmoja wa ajabu ambaye taya lake la chini ni refu kuliko la juu. Huruka akiwa karibu kugusa maji, huku taya hilo likichana uso wa mto kutafuta samaki. Hutaga mayai moja kwa moja juu ya visiwa vya mchanga, hivyo boti ikitua hapo kwa uzembe mayai hukanyagwa.

Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi, wakiwemo ndege wengi wadogo wa matopeni.

Ndege wa Kilombero wasiopatikana kwingine

Kwa wapenzi wa ndege duniani, Ifakara inajulikana kwa mnana mmoja wa manjano, ambaye wengine humwita kwera. Wanasayansi walimpa jina rasmi la Ploceus burnieri mwaka 1990. Hujenga viota kwenye matete ya kando ya mto, na dunia nzima anapatikana katika bonde hili tu. Mwaka 2021 aina nyingine mbili za ndege wadogo wa kwenye nyasi na matete ya bonde hilo zilipewa majina ya kisayansi, ingawa watafiti walikuwa wamezifahamu kwa miaka mingi kabla.

Matete yakifyekwa au kuchomwa moto ili kupanua shamba, ndege hawa hawana bonde jingine la kuhamia. Wakipotea Kilombero, wamepotea duniani.

Kupiga picha ukiwa majini

Anza alfajiri, jua linapochomoza. Mwanga ni laini, upepo ni mdogo na ndege wanakula. Mwombe mwendesha chombo apite upande ambao jua litakuwa mgongoni mwenu.

Injini hutikisa boti nzima, kwa hiyo usiegemeze lenzi kwenye ukingo wake. Shikilia kamera mikononi, viwiko vikiwa vimebana mbavu. Ndege akiwa karibu, injini izimwe na chombo kisukumwe kwa upondo au kiachwe kielee. Kwa ndege anayeruka, kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde inafaa. Aliyetulia anaweza kupigwa kwa kasi ndogo zaidi, lakini mtumbwi hautulii kabisa, hivyo usishuke mno. Lenga jicho: jicho likitokea vizuri, picha huvumilika hata bawa likiwa na ukungu.

Yangeyange na ndege wengine weupe huwasumbua wengi, kwa sababu kamera huwafanya weupe mtupu bila alama za manyoya. Punguza mwanga kidogo kabla ya kupiga. Mwenye simu tu anaweza kuweka lenzi yake kwenye jicho la darubini na kupata picha ya kutosha kumtambua ndege. Vifaa vikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Ndege akianza kunyoosha shingo, kupiga kelele au kuacha kula, mmemkaribia mno, rudini nyuma. Ndege akiruka kutoka kwenye kiota, mayai hubaki wazi kwa jua kali na kwa kunguru. Hakuna picha inayostahili gharama hiyo.

Usalama na sheria

Kiboko ni hatari kuliko mamba kwa walio ndani ya mtumbwi. Usipite katikati yake na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Kila abiria avae jaketi okozi tangu mwanzo wa safari, mtumbwi usijazwe kupita kiasi, na watu wasisimame wote upande mmoja furukombe anapotokea. Usitumbukize mikono majini. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini. Muulize mwenye boti kama chombo chake kimekaguliwa.

Ndani ya hifadhi za taifa, kiingilio hulipwa TANAPA na taratibu zake hufuatwa. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda au kukamata wanyamapori bila leseni, na ndege wa porini wamo.

Mkulima wa Msowero ananufaika vipi?

Hili ni swali la haki. Mkulima anayelinda mpunga wake dhidi ya kweleakwelea tangu asubuhi hadi jioni hana sababu ya kumpenda kila ndege. Kweleakwelea ni ndege waharibifu, na serikali huwapulizia sumu. Lakini sumu hiyo haichagui, na inaweza kuua hata korongo anayekula konokono na yangeyange anayekula panzi. Kuwatofautisha ndege ni jambo lenye faida shambani pia.

Mfano wa kipato upo Uganda, kwenye kinamasi cha Mabamba kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe. Wavuvi wa huko waliamini kuwa korongo-nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, huleta mkosi katika uvuvi, na walikuwa wakimuua. Leo wenyeji huwapeleka watalii kwa mitumbwi kumtazama ndege huyo huyo akiwinda kamongo, na malipo hubaki kijijini. Mabamba iliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2006.

Morogoro ina njia ya kuwafikisha wageni. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, husimama Kilosa. Kinachoweza kukosekana ni maji na matete. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini kiangazi kikibana wengi hulima hadi ukingoni. Mvua zinaporudi, ukingo usio na majani humomonyoka, tope hujaza mto, na mafuriko huingia mashambani na majumbani. Kwa hiyo mita 60 hizo zinamlinda mnana na mdiria, na zinamlinda pia mkulima wa Msowero mwenyewe.

Anayetaka kuanza hahitaji kusafiri mbali. Daftari, kalamu na saa moja ya asubuhi kando ya jaruba vinatosha. Andika tarehe, mahali na ndege uliowaona. Ukifika Ifakara au Saadani utakuwa tayari unajua nini cha kutafuta.